Mahalia Jackson: Mtoto Aliyejifunza Kuimba kwa Mwili Wote



Kijitabu cha sherehe kama hii huwa na ratiba, picha na shukrani. Sisi tuliomba kurasa chache zaidi ili tuwasimulie maisha ya mwimbaji ambaye wengi wetu tumesikia sauti yake redioni ama kwenye santuri za wazee wetu, lakini si wengi wanaojua alivyoanza. Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo kila kwaya inalijua. Je, mwimbaji wa kanisani asimame wima, mikono imetulia, macho kwa mwalimu wa kwaya? Ama auache mwili wake ufuate wimbo, apige makofi, ayumbe, hata acheze? Wako wanaosema miondoko ni maonyesho, na maonyesho hayana nafasi mbele ya madhabahu. Wako wanaosema wimbo usiomgusa anayeuimba hauwezi kumgusa anayeusikiliza.

Mahalia Jackson aliulizwa swali hilo tangu akiwa msichana. Jibu lake alilipata utotoni, kabla hajajua kwamba kuna watu duniani wanaolipwa ili waimbe.

Mtoto wa kando ya mto

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1911 katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Jina alilopewa lilikuwa Mahala. Herufi ya i aliiongeza mwenyewe baadaye. Nyumbani walimwita Halie. Babu yake alizaliwa utumwani, na ingawa utumwa ulikuwa umekomeshwa mwaka wa 1865, watu weusi wa kusini waliendelea kuishi chini ya sheria za ubaguzi. Mama yake, Charity Clark, alifua nguo na kufanya kazi katika nyumba za wazungu. Baba yake alibeba mizigo bandarini, akanyoa watu nywele jioni, na siku ya Jumapili akahubiri, lakini alikuwa na familia nyingine na hakuishi nao.

Mtaa wao ulibanwa kati ya njia ya reli na tuta la mto Mississippi. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu tu, na ndani yake waliishi watu 13. Watoto waliokota kuni zilizoletwa na maji ya mto, wakasaidia kazi za nyumbani, na wakajifunza mapema kwamba kila mkono lazima ufanye kazi ndipo sahani ijae.

Halie alizaliwa na miguu iliyopinda, hata akabandikwa jina la utani la kumfananisha na ndoana ya samaki. Madaktari walitaka kuivunja na kuiunga upya, lakini jamaa zake wakakataa. Wakawa wanaikanda kwa maji yenye mafuta, wakimwachia Mungu mengine. Miguu hiyo ilichukua miaka mingi kunyooka. Tunaitaja kwa sababu mtoto huyu, ambaye watu wangeweza kumweka kando wakisema hatafaa kwa mambo ya kusimama mbele za wengine, ndiye aliyependa kuruka na kucheza kuliko wenzake.

Alipokuwa na umri wa miaka kama mitano, mama yake alifariki. Yeye na kaka yake wakachukuliwa na dada ya mama yao, ambaye ndiye aliyerithiwa jina lile la Mahala. Watu walimwita Duke. Alikuwa mama mkali. Nyumba ilipaswa kung'aa, na mtoto aliyefanya kazi ovyo aliadhibiwa. Muziki wa dunia, kamari na ulevi havikuruhusiwa, na siku ya Bwana ilishikwa kikamilifu. Shule Halie aliiacha mapema ili asaidie nyumbani. Kwa hiyo masomo yake makubwa aliyapata kanisani na katika njia za mtaa wake.

Alichokisikia kanisani na dirishani

Familia ilikuwa ya Kibaptisti. Akiwa na umri wa miaka minne tayari Halie alikuwa katika kwaya ya watoto. Kwaya ya watu wazima iliimba tenzi za zamani kutoka Uingereza, nyingi zikiwa za Isaac Watts, kwa utaratibu na heshima. Halie aliziheshimu. Lakini kilichomvutia zaidi kilikuwa kile kilichofanywa na waumini wenyewe. Kiongozi alitoa mstari mmoja wa wimbo, na kanisa lote likaurudisha, polepole, kila mtu akiupinda kwa sauti yake. Desturi hiyo ilitoka enzi za watu wasio na vitabu vya nyimbo na wasiofundishwa kusoma. Ilihitaji masikio, makofi na miguu. Sisi tuliokulia kwenye nyimbo za kuitikiana hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Halafu, jirani kabisa na nyumba ya Duke, palikuwa na kanisa dogo la Kipentekoste. Halie hakuwa mshirika wa kanisa hilo. Alikuwa akisimama nje, ibada ikiendelea, akasikiliza. Watu wale hawakuwa na kwaya wala kinanda. Walikuwa na ngoma, matari, matoazi na pembetatu ya chuma. Kila aliyekuwamo aliimba, na aliimba kwa mwili wote: mikono ikipiga, miguu ikikanyaga sakafu, mabega yakitikisika. Waliimba nyimbo za kiroho za watumwa, hasa zile za mwendo wa kasi ambazo Wamarekani weusi waliziita kwa jina lile lile la sherehe yetu ya leo, nyimbo za jubilii, kwa maana zilisherehekea siku ya kufunguliwa. Msomaji wa Biblia anakumbuka mwaka wa yubile katika Walawi sura ya 25, pale tarumbeta inapopigwa na kila aliyefungwa kurudi kwao akiwa huru.

Mahalia alipokuwa mtu mzima alieleza mara nyingi kwamba muziki ule uliokuwa ukitoka katika kanisa dogo ulimtoa machozi. Hapo ndipo mtoto alipovumbua jambo lililoongoza maisha yake. Aligundua kwamba mwili unapokubaliana na maneno, wimbo unatoka nje ya mlango na kumshika hata aliye njiani. Ye yote aliyepita barabarani angejua, bila kuambiwa, kwamba watu wale walikuwa na furaha, na angeitamani. Hayo yalikuwa maonyesho, ndiyo. Lakini hakuna aliyekuwa akijionyesha.

Mtaa ulimfundisha pia. New Orleans ni mji wa matarumbeta. Hadi leo unajulikana kwa mazishi yenye bendi: kwenda makaburini bendi hupiga taratibu sana, kwa huzuni, na baada ya kuzika hurudi ikipiga muziki wa kasi, watu wakicheza nyuma yake. Mtoto aliyekulia hapo anajua kwamba huzuni na furaha zinaweza kubebwa na bendi moja siku moja.

Na kulikuwa na santuri. Binamu yake Fred alikuwa na za waimbaji wa bluzi, zile nyimbo za shida za maisha na za mapenzi. Duke alipokuwa kazini, Halie alikuwa akiziweka huku akisugua sakafu. Aliyempenda kuliko wote alikuwa Bessie Smith, mwanamke mwenye sauti nzito iliyojaa nyumba. Halie alimfuatisha: namna ya kuvuta pumzi, namna ya kulikalia neno moja hadi litoe maji, namna ya kumfanya msikilizaji angoje. Duke akikaribia, santuri ilinyamaza.

Kwa hiyo kabla hajatimiza miaka 16 Halie alikuwa na vitu viwili moyoni. Alikuwa na nyimbo za Mungu, na alikuwa na ustadi wa kuishika hadhira. Tangu hapo watu walimtaka achague kimoja.

Chicago

Mwaka wa 1927 alipanda gari moshi pamoja na dada mwingine wa mama yake, wakaenda Chicago, kaskazini. Ndivyo walivyofanya maelfu ya watu weusi miaka ile, wakitafuta kazi na kukimbia ubaguzi wa kusini. Halie alitaka kusomea uuguzi. Badala yake alifua nguo na kusafisha nyumba, kama mama yake.

Huko alijiunga na kanisa la Kibaptisti la Greater Salem, akaimba katika kwaya yake, na muda si mrefu akawa mmoja wa kikundi kidogo kilichoundwa na wana wa mchungaji, kikiitwa Johnson Singers. Kikundi hicho kiliimba na pia kilicheza michezo ya kuigiza yenye mafundisho ya dini, ambamo Halie alipewa nafasi kubwa. Walizunguka katika makanisa madogo na vyumba vya duka vilivyogeuzwa kuwa makanisa, wakigawana sadaka chache zilizopatikana.

Makanisa makubwa ya watu weusi mjini Chicago yalikuwa na desturi nyingine. Kwaya zao zilisomea nota na kuimba nyimbo za Ulaya zilizo ngumu. Waumini wengi walikuwa wametoka kusini wao wenyewe au wazazi wao, na hawakupenda kukumbushwa walikotoka. Halie alipoimba huku akipiga makofi, akitembea, nywele zikimfunguka na joho likipepea, wengine walishangilia na wengine walikunja uso. Mchungaji mmoja alimkemea wazi kanisani kwa kuleta mambo ya dansi nyumbani mwa Mungu. Msichana hakunyamaza. Alimjibu kwamba huko kusini kwao ndivyo wanavyoimba, na katika miaka ya baadaye alipenda kuwakumbusha wenye malalamiko kama hayo kwamba Zaburi zenyewe zinawaamuru watu wote kupiga makofi. Tukitaka kuhakikisha, Zaburi ya 47 iko wazi.

Mwaka wa 1932 alijaribu njia ya shule. Yeye na rafiki yake walimwendea mwalimu maarufu wa sauti. Somo moja liligharimu dola 4, fedha nyingi mno kwa mfanyakazi wa nyumbani. Mwalimu alimsikiliza kidogo, akamkatiza, akamwambia aache kupayuka, na kwamba uimbaji wa namna hiyo haukuwaletea sifa watu weusi. Halie alitoka na hakurudi tena. Lilikuwa somo lake la kwanza na la mwisho.

Sisi tulio walimu tunasoma habari hiyo kwa uchungu kidogo. Mwalimu yule hakukosea kusema kwamba sauti inahitaji nidhamu. Alikosea kudhani kwamba nidhamu ni kumwondolea mtu kile alichopewa.

Mwalimu aliyemfaa

Nidhamu alikuja kuipata kwa mtu mwingine. Thomas Dorsey alikuwa mwana wa mchungaji aliyewahi kuwa mpiga piano wa bluzi katika kumbi za starehe. Mwaka wa 1932 mke wake alifariki akijifungua, na mtoto naye akafa. Katika msiba huo alitunga Precious Lord, wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono, ambao sasa unaimbwa katika lugha nyingi duniani. Dorsey aliandika nyimbo za injili zenye mwendo wa bluzi, na makanisa mengi yalimfungia mlango. Alihitaji mtu wa kuzionyesha. Alimchukua Mahalia, wakawa wanasimama hata pembeni mwa barabara, yeye akiimba na Dorsey akiuza karatasi za nyimbo kwa senti chache.

Dorsey hakumkataza kutembea wala kupiga makofi. Alimfundisha kupanga. Usianze na moto wote. Anza taratibu, uwape watu nafasi ya kukaa. Weka wimbo wa haraka baada ya wa polepole. Vuta pumzi mahali panapofaa ili neno lisikatike. Mwimbaji akimaliza nguvu zote katika ubeti wa kwanza, ubeti wa mwisho atauimba nani? Tunawaachia wanakwaya wetu wa sauti ya kwanza walijibu hilo.

Gharama ya mpaka

Hapa tunafika mahali ambapo maisha haya yanatugusa zaidi. Mtu aliyependa kushika hadhira kiasi kile angeweza kutajirika mapema. Mlango ulikuwa wazi. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta aliyezaliwa katika mji ule ule wa New Orleans, alitaka aimbe na bendi yake. Mwaka wa 1937 kampuni ya Decca ilirekodi nyimbo zake za kwanza za injili. Hazikuuzwa vizuri, na alipotakiwa aimbe bluzi alikataa, wakaachana naye. Mumewe wa kwanza, Isaac Hockenhull, mtu msomi aliyekuwa na shida ya kazi miaka ile ya uchumi kuanguka, alimsihi ajaribu nafasi katika mchezo wa jukwaani wa nyimbo za kidunia. Alikwenda, akaimba, akachaguliwa. Siku hiyo hiyo mumewe alipata kazi. Mahalia akaiacha nafasi.

Kulikuwa na jambo jingine lililomfunga. Babu yake alipokuja Chicago kumtembelea, Mahalia alimpeleka kupigwa picha ili apate kumbukumbu. Siku ilikuwa ya joto kali, na mzee akaanguka kwa kiharusi pale pale. Jamaa walimlaumu. Akajifungia, akaomba, akamwahidi Mungu kwamba babu akipona hatakanyaga tena katika nyumba za sinema na maonyesho. Babu alipona. Mahalia alizishika ahadi hizo, ile ya kutoimba nyimbo za kidunia na hii ya babu, kama mtu anavyoshika ahadi ya ndoa.

Mapato yaliyokosekana aliyatafuta kwa mikono. Alisomea ususi na urembo wa nywele, akafungua saluni yake, na baadaye duka la maua. Siku za wiki alisuka na kupasi nywele za wanawake. Jumamosi na Jumapili alipanda gari moshi kwenda kuimba miji mingine, akarudi usiku ili Jumatatu afungue saluni.

Tunataka vijana wetu walione hili. Alipenda jukwaa tangu utotoni, na bado aliliambia jukwaa hapana.

Ulimwengu unamjia

Mwaka wa 1947, akiwa na kampuni ya Apollo, alirekodi wimbo wa mchungaji W. Herbert Brewster uitwao Move On Up a Little Higher. Ulikuwa mrefu hata ukagawanywa pande mbili za santuri. Ulipotolewa, maduka hayakuweza kuweka za kutosha, na zaidi ya nakala milioni moja zikauzwa. Mwanamke wa saluni akawa maarufu nchi nzima, akiimba nyimbo zile zile za kanisani, kwa makofi yale yale.

Oktoba 1950 alisimama katika ukumbi wa Carnegie, New York, ambao hadi hapo haukuwa umepokea mwimbaji wa injili kama mwimbaji mkuu wa usiku. Aliogopa mno. Baada ya nyimbo chache watu walikuwa wanacheza kwenye njia za katikati ya viti, na ikambidi yeye mwenyewe awatulize kwa mzaha, akiwakumbusha kwamba wakizidi wanaweza kutolewa nje ya ukumbi wa watu. Kile alichokisikia utotoni akisimama nje ya dirisha kilikuwa sasa ndani ya ukumbi mkubwa. Baadaye aliimba Ulaya, akaizuru Nchi Takatifu, na mwaka wa 1961 aliimba katika sherehe za kuapishwa kwa Rais John F. Kennedy.

Hatusemi kwamba alikuwa malaika. Ndoa zake mbili zilivunjika. Kwa kuwa waandaaji walimdhulumu mara nyingi, alijifunza kudai fedha taslimu kabla ya kuimba, na katika mambo ya fedha alikuwa mgumu. Mpiga piano wake wa miaka mingi, Mildred Falls, aliyejua kila pumzi yake, hakulipwa alivyostahili. Jambo hilo lituzindue sisi tunaowasahau wapigaji wetu wa vyombo siku za kugawana shukrani.

Lakini umaarufu wake hakuuweka kabatini. Desemba 1956 alikwenda Montgomery, Alabama, kuwaimbia watu weusi waliokuwa wamegoma kupanda mabasi ya ubaguzi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Alilala katika nyumba ya mchungaji Ralph Abernathy. Wiki chache baadaye nyumba hiyo ililipuliwa kwa bomu. Hakuacha kwenda mahali walipomwita Abernathy na Martin Luther King.

Tarehe 28 Agosti 1963, miezi mitatu na nusu kabla ya bendera yetu ya Kenya kupandishwa, watu zaidi ya 200,000 walikusanyika Washington kudai haki. Mahalia aliimba kabla ya King kuhutubia. Alichagua wimbo wa zamani wa watumwa, wa kudharauliwa na kulaumiwa, akauanza taratibu kama alivyofundishwa na Dorsey. Kisha akaimba wa pili, wa haraka, na umati mzima ukapiga makofi. King alipoanza kuhutubia alikuwa anasoma. Waliokuwa karibu wanasimulia kwamba Mahalia, akiwa nyuma yake, alimpigia kelele awaambie watu ile ndoto yake, kama waumini wa kusini wanavyomsukuma mhubiri wao. King aliacha karatasi na kuhutubia kutoka moyoni. Hotuba hiyo inafundishwa hadi leo.

Mnaona lilikotoka? Ile desturi ya kiongozi kutoa mstari na kanisa kuurudisha, aliyoijua Halie akiwa na miaka minne, ndiyo iliyofanya kazi siku ile. Hakuwa anatafuta kuonekana. Wakati huo kamera zilikuwa kwa King. Alifanya kile ambacho mshirika yeyote wa kanisa lao dogo angefanya: aliitikia.

King alipouawa mwaka wa 1968, Mahalia alimwimbia mazishini wimbo ule wa Dorsey ambao marehemu aliupenda. Naye Mahalia alifariki tarehe 27 Januari 1972, akiwa na miaka 60, moyo ukiwa umechoka. Maelfu walipanga foleni Chicago kumwaga. Kisha akarudishwa Louisiana, karibu na mto wake, akazikwa huko.

Neno kwetu siku ya jubilii

Tumesoma maisha haya tukijiuliza tunayaleta kwenye sherehe kwa nini. Lugha yetu ina maneno mawili yanayofanana: kuonyesha na kujionyesha. Tofauti yake ni silabi moja tu, na ndiyo iliyotenganisha maisha ya Mahalia na maisha aliyokataa. Aliyekuwa ndani ya kanisa lile dogo alimwonyesha mtoto wa njiani furaha yake. Mtoto akaipokea, akaibeba hadi Carnegie na Washington. Lau watu wale wangejizuia kwa kuogopa kuitwa wenye maonyesho, mtoto yule angepita.

Kwa hiyo wale kati yetu wanaopenda kusimama wima wasihukumiwe. Mahalia mwenyewe aliziheshimu tenzi zilizoimbwa kwa utulivu. Na wale wanaocheza wasidhani kwamba hatua zilizopangwa vizuri zinatosha. Swali si mguu uliinuka ama haukuinuka. Swali ni kama wimbo ulitoka mlangoni, na kama umewahi kutugharimu chochote. Mahalia ulimgharimu fedha, ndoa labda, na usiku mwingi kwenye gari moshi.

Leo mtakapotusikiliza, kutakuwa na watoto wamesimama nje ya dirisha, wengine wamepanda kwenye ukuta kama kawaida yao. Tunawaomba wazee wa zamu wasiwafukuze. Hatujui ni nani kati yao anayesikiliza.

Bwana awabariki nyote, na aibariki jubilii hii.